Kabati la Ghorofa ya Tano

Sogeeni, na mwenye haraka akanywe chai yake kwanza, maana katikati hatutasimama. Kisa hiki hakidai elimu. Kinadai mahali pa kukaa, na moyo usioona haya kubadili jibu.

Tanga mjini walikuwako watu watatu, kila mmoja na alichojaliwa.

Wa kwanza alikuwa Hidaya, fundi seremala. Wengine wakitazama meza huona meza. Hidaya alikuwa akiona ubao gani umemshika mwenzake, na wapi fundi alikuwa na haraka ya kwenda kula. Karakana yake ilikuwa mabati manne kando ya barabara, na mvua ikinyesha alilala macho akihesabu mbao zinazopinda.

Wa pili alikuwa Mzee Shemdoe, karani mstaafu wa Ofisi ya Majengo. Huyu alijua karatasi. Ukimpa fomu usiku wa kiza angekuambia kwa kuipapasa ni ya idara gani, na itakataliwa kwa kosa gani. Tangu astaafu aliwaandikia watu barua zao kwenye baraza la duka la mtu, na mwenye baraza alikuwa amekwisha kukohoa mara mbili, kikohozi cha kumfukuza mgeni.

Wa tatu alikuwa Chambo, kuli wa siku nyingi bandarini, mwenye kamba yake mwenyewe ya katani. Mzigo ukiwa mikononi mwa Chambo hutulia kama mtoto aliyebebwa na bibi yake. Lakini mgongo wake ulikuwa umeanza kumpa barua za onyo, na yeye, kama wakubwa wengi, alikuwa hazisomi.

Kisha palikuwa na Bi Mwanakheri, ambaye hakujaliwa kipaji chochote katika kisa hiki. Yeye alikuwa na kabati.

Bi Mwanakheri alikaa ghorofa ya tano, juu kabisa, vidato themanini na vinne kutoka chini. Jengo lilikuwa na shimo la lifti. Nasema shimo, sisemi lifti. Wajenzi walijenga shimo zuri, refu, lenye mlango wa bati kila ghorofa, wakaenda zao, na lifti ikaahidiwa kufuata. Kila mwaka wapangaji waliandika barua kuulizia, na kila mwaka jibu lilikuja: lifti iko katika hatua za mwisho. Bi Mwanakheri aliingia jengo hilo akiwa bibi harusi, akipanda vidato viwili viwili. Sasa alipanda kimoja, akapumzika, akamlaani mtu asiyemjua jina, ndipo akapanda kingine. Lifti bado ilikuwa katika hatua za mwisho.

Ndipo Ofisi ya Majengo ilipogundua kwamba jengo limechakaa. Wapangaji waligundua miaka kumi na minane kabla yake, lakini wao hawana muhuri.

Tangazo likabandikwa. Jengo litabomolewa. Kila mpangaji atakayekabidhi nyumba yake kabla ya saa kumi alasiri, siku ya Ijumaa, atapewa chumba kimoja cha duka katika soko jipya, kwa jina lake mwenyewe au la mtu amtakaye. Na kukabidhi kulielezwa vizuri: ndani kisibaki kitu kisichobebeka kwa mkono mmoja; na milango, madirisha, vitasa na plasta viwe mahali pake, vizima, ili jengo libomolewe likiwa katika hali nzuri.

Majirani walihama mmoja mmoja. Bi Mwanakheri alikuwa anakwenda kukaa kwa bintiye, Muheza, na wiki nzima vitu vyake viliteremshwa: kitanda, meza, majiko, sufuria za shughuli. Ijumaa asubuhi kilibaki kimoja tu.

Kabati hilo lilikuwa la mvule, milango mitatu, na juu yake taji la maua ya kuchonga. Alilitengeneza marehemu mumewe, Fundi Sefu, mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Alipandisha mbao begani, ubao mmoja mmoja, miezi saba, akaliunga humo humo chumbani. Lilipokamilika lilikuwa pana kuliko mlango na refu kuliko mlango. Jirani mmoja akamwuliza, "Fundi, siku ya kuhama?" Fundi Sefu akamtazama kama mtu aliyeulizwa siku ya kuhama dunia. Mlango hakuupima, kwa kuwa nia ya kuhama hakuwa nayo.

Sasa hesabu ilikuwa nyepesi na mbaya. Kabati likibaki, nyumba haijakabidhiwa, chumba cha duka kimepotea, na Jumatatu mashine zitalivunja kabati pamoja na kuta. Kabati likikatwa kwa msumeno, nyumba imekabidhiwa na chumba kimepatikana. Lakini Bi Mwanakheri alisema msumeno ukiingia, yeye atatoka kupitia dirishani.

Waliomsikia akisema hivyo ni wale watatu. Hidaya alikuwa ameitwa kuliangalia kabati, Chambo kulibeba, na Mzee Shemdoe, aliyewahi kuwa jirani yake wa ghorofa ya pili, alikuja kumjazia karatasi za makabidhiano.

"Mimi duka nitauza nini?" alisema Bi Mwanakheri. "Magoti? Sikilizeni. Atakayenitolea kabati hili humu, likafika chini zima kabla ya saa kumi, jina lake ndilo nitakaloandika."

Alisema kama anasema na mtu mmoja. Kabati lilitengenezwa na mtu mmoja, na haikumpitikia kwamba kulitoa kungetaka zaidi. Watatu wakaitikia inshallah, na kila mmoja moyoni akaanza kupanga bidhaa.

Basi Hidaya alilizunguka kabati mara tatu, akalipigapiga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Bi Mkubwa, aliyelitengeneza hakukusudia litoke."

"Najua. Hata mimi hakukusudia nitoke."

"Halina msumari hata mmoja. Nikifungua kiungo kimoja, vinapasuka vyote. Hili halifunguki." Akageuka akaitazama nyumba. "Basi tufungue nyumba."

Akaing'oa fremu ya mlango wa chumbani kama unavyomng'oa mtoto jino akiwa usingizini. Plasta haikudondoka, maana plasta nayo ilikuwa kwenye orodha ya Ofisi. Walipopima, kabati lilikuwa bado refu kwa vidole vinne. Chambo akauliza kwa upole kama msumeno uko mbali. Hidaya alipanda juu ya ndoo, akafumba macho, akapitisha vidole nyuma ya lile taji la maua, polepole, na akatabasamu. Palikuwa na vijiti vinne vya mbao, vimezamishwa na kupakwa rangi visionekane. Fundi Sefu, pamoja na ukaidi wake wote, alikuwa ameacha taji litoke. Vijiti vitatu vilitoka vizima. Cha nne kikakatika.

Walipolisukuma, mlango wa kulia wa kabati ukafunguka wenyewe na kulia, sauti nyembamba kama mtu anayekohoa kabla ya kubisha hodi. Hidaya akachukua chupa ya mafuta.

"Usiutie," alisema Bi Mwanakheri.

"Unalia, Bi Mkubwa."

"Uache ulie. Mwenyewe alisema atautia Jumamosi."

Jumamosi hiyo ilikuwa imepita miaka kumi na moja. Hidaya akairudisha chupa mfukoni. Kabati likapita mlangoni, pakabaki nafasi ya kupitisha kanga, tena iliyofuliwa ikanywea. Mlango wa nje ukafanywa vivyo hivyo. Saa sita kabati lilikuwa kwenye korido, na nyuma yake fremu zote mbili zimerudi mahali pake, vitasa vinang'aa. Hidaya akakaa chini, akafuta jasho, na moyoni akaezeka paa la karakana yake mpya.

Chambo akaenda kuitazama ngazi. Aliitazama kona ya kwanza, akapima kwa mikono, akarudi.

"Kwenye kona hii hata jeneza husimamishwa wima," alisema. "Na hili likisimama linagonga dari, likilala linagonga ukuta. Bi Mkubwa, sisemi maneno mabaya, lakini limetoka chumbani kuja kufia koridoni."

Ndipo Mzee Shemdoe, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo na karatasi zake magotini, akauliza, "Kwani tusitumie lifti?"

Wakamtazama kwa huruma. Jua la Tanga halina heshima kwa wazee.

"Lifti gani, mzee wangu?" aliuliza Chambo.

"Hiyo isiyokuwepo. Ingekuwepo, ingeziba shimo. Shimo lenyewe nimelipima kwa macho ujana wangu wote. Kabati linaingia, na mahali pa kupumulia linapata."

Ni kweli. Lakini mlango wa bati wa shimo, pale juu na kule chini, ulikuwa na kufuli la Ofisi, na kufuli lilikuwa na lakiri, ile nta ya muhuri.

"Nivunje?" Chambo alishaanza kukunja mikono.

"Vunja. Halafu saa kumi Bwana Mhina aje akute kufuli la Ofisi limevunjwa, akatae makabidhiano. Kaa chini, mwanangu. Hii ni kazi ya kalamu."

Sasa, katika rafu ya tatu ya Ofisi ya Majengo palikuwa na kitabu cha fomu za Maombi ya Majaribio ya Lifti. Kilichapishwa mwaka jengo lilipojengwa, na katika miaka yote hiyo haukuchanwa ukurasa hata mmoja, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na cha kujaribu. Siku ya kustaafu, Mzee Shemdoe alijichania fomu moja iwe kumbukumbu, kama wengine wanavyoondoka na kikombe. Sasa akaitoa kwenye mkoba wake na kuikunjua. Penye Jengo akaandika jengo. Penye Uzito akaandika uzito. Penye Jina la abiria akafikiri kidogo, kisha akaandika: Kabati Sefu. Umri: miaka arobaini na moja. Kazi: mtunza nguo.

Lakini ilikuwa Ijumaa, mchana, na ofisi Ijumaa mchana ni jengo tu. Mzee Shemdoe akaenda msikitini. Akaswali kama kawaida, wala sisemi alikuwa anawaza fomu; hiyo ni baina yake na Mola wake. Ila alikuwa wa kwanza kutoka, na Bwana Mhina, Afisa Makabidhiano, alipoinama kutafuta viatu vyake alikuta vimekwisha wekwa tayari, na kando yake Mzee Shemdoe ameshika kalamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sahihi yako tu, mwanangu, hapa."

Bwana Mhina alisoma kichwa cha fomu, kisha akasoma mahali pa kutia sahihi. Katikati hapakuwa na kazi yake.

"Kumbe lifti imekuja?"

"Iko katika hatua za mwisho."

"Vizuri," alisema Bwana Mhina, aliyeyazoea maneno hayo na kuyaamini, akaweka fomu gotini akatia sahihi. Wakaongozana mpaka ofisini, kwa kuwa muhuri haukai mfukoni. Saa nane kamili Mzee Shemdoe alipanda vidato themanini na vinne, akipumzika kila ghorofa, na funguo mbili mkononi. Alipofika juu hakuweza kusema. Alizitikisa tu. Moyoni alikuwa amekwisha weka meza, viti viwili, na kibao cha rangi: Hapa Panaandikwa.

Wakafungua. Shimo likawapumulia harufu ya popo na saruji. Chambo akachungulia chini kwa muda mrefu kuliko walivyopenda.

"Semeni bismillahi," alisema, "halafu mnyamaze. Mzigo haupendi washauri."

Akalivisha kabati magunia, akalifunga kamba ya katani kwa mafundo ambayo Hidaya, mtu wa viungo, aliyatazama kwa heshima. Ncha ya pili akaizungusha kwenye nguzo ya korido mara tatu. Kamba ikizungushwa mara tatu, mtu mmoja anayeijua hushika mzigo wa watu wanane; asiyeijua, mara kumi hazitamsaidia. Akalisukuma kabati ukingoni kwa goti. Likaning'inia. Kamba ikalalamika. Bi Mwanakheri alifunika uso kwa ncha ya kanga, akaacha jicho moja.

Likashuka. Ghorofa ya nne. Ya tatu. Kati ya ya tatu na ya pili likasimama, na kamba ikalegea. Nondo mbili zilizosahauliwa na wajenzi zilikuwa zimechomoza ukutani, na kabati limezikalia kama kuku juu ya tawi, ncha zake zimejichomeka kati ya mbao za chini. Kulivuta juu kungeling'oa mbao za chini. Kulegeza zaidi kungelipindua, na kutoka hapo lingefika chini upesi sana.

Chambo aliivuta kamba iliyolegea ikanyooka. Alifunga kamba kwenye nguzo, akavua shati, akateremka kwa kamba hiyo hiyo mpaka walipokuwa wakiona utosi wake tu. Akaegemeza mgongo kwenye kabati na miguu ukutani. Walisikia pumzi, kisha wakasikia kitu kikikwaruza, kisha kamba ikakaza. Akapanda tena, viganja vimechunika, mgongo umepinda kama mundu, akafungua kamba kwenye nguzo na kuliteremsha kabati masafa yaliyobaki, shubiri kwa shubiri, mpaka likagusa chini kwa sauti ndogo, kama mtu anayeweka kikombe juu ya meza. Ndipo akakaa. Hata kukaa kwenyewe alisaidiwa. Na moyoni, mbele ya vyote, aliona stuli: mtu amekaa, anauza nazi, na nazi zinaletwa na mtu mwingine.

Hidaya alikimbia chini, kabati likakokotwa nje ya shimo juu ya magunia yake, makufuli yakafungwa, kisha akalirudisha taji, vijiti vitatu vya Fundi Sefu na kimoja chake kipya. Kwenye mlango wa kushoto palikuwa na mkwaruzo wa urefu wa kiganja. Vingine vyote salama.

Bwana Mhina alifika saa tisa na nusu. Alihesabu milango, akahesabu vitasa, akagonga plasta ya jengo litakalovunjwa Jumatatu, akaridhika. Makufuli mawili ya lifti aliyakuta yamefungwa, akayapa alama. Hata kabati alilipita pale chini bila kulisalimu. Saa kumi kasoro dakika nane aliweka fomu ya chumba cha duka juu ya boneti ya gari lililokuja kupakia.

"Jina la mnufaika, Bi Mkubwa. Moja. Saa kumi ikipita mstari ukiwa mtupu, chumba kinarudi Ofisini."

"Nikiandika matatu?"

"Mstari ni mmoja."

"Nitaandika kwa maandishi madogo."

"Mama, hata mimi ningependa. Lakini majina matatu kule wataita kikundi, na kikundi kina fomu yake, na fomu hiyo imekwisha."

Bi Mwanakheri akageuka. Watatu walikuwa wamesimama mbele ya kabati, na kila mmoja alikuwa ameanza kusogea nusu hatua mbele ya mwenzake.

"Bi Mkubwa," alianza Hidaya, "bila mimi kabati hili lingekuwa bado chumbani linawasikiliza. Kamba ingefunga nini? Fomu ingemjaribu nani?"

"Na bila mimi," alisema Mzee Shemdoe, "lingekuwa koridoni, zuri, limerudishiwa taji, linasubiri mashine. Chambo mwenyewe alikwisha lisomea talkini, kama maiti."

"Na bila mimi," alisema Chambo, "lingefika chini, sikatai. Lingefika kabla yenu nyote. Mngelizoa kwa ufagio."

"Lakini ulilikwaruza," alisema Hidaya.

"Nililikwaruza na mgongo wangu katikati! Wewe je, uliyeng'oa taji na kuvunja kijiti? Bi Mkubwa alisema zima."

"Si nimerudisha?"

"Kijiti chako. Fundi Sefu aliacha vinne."

Mzee Shemdoe akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu asiye na doa. Chambo akamgeukia.

"Na wewe, mzee wangu, kwa heshima zote. Ni nani aliyekuwa akiandika zile barua zilizobandikwa ngazini? 'Lifti iko katika hatua za mwisho'? Mwandiko si wako?"

Bi Mwanakheri alimtazama mzee huyo, jirani yake wa miaka mingi, na kwa mara ya kwanza yule aliyemlaani ngazini akapata jina.

"Niliandika nilichoamriwa," alisema Mzee Shemdoe taratibu. "Miaka ishirini na sita. Na leo nimeandika uongo mmoja zaidi, abiria na umri wake, kwa hiari yangu. Wakiusoma, pensheni yangu itajibu. Lakini niulize, Bi Mkubwa: lifti ingekuja kweli, leo kabati lingeshukia wapi?"

Bi Mwanakheri aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Hidaya alikuwa akitazama angani. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Amboni, na mbao zake zilikuwa nje. Mzee Shemdoe alikuwa amekunja mkoba wake kwapani kama mtu aliyezoea kuambiwa asogee. Chambo hakuwa ameweza kunyooka tangu atoke shimoni, na sote tunajua, na yeye anajua, mgongo huo hautabeba tena.

Ahadi aliitoa kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi, na mashahidi ndio hao hao wanaoidai. Kwake yeye neno lililotoka halikuwa na njia ya kurudi.

"Bi Mkubwa," alisema Bwana Mhina, akitazama saa kwa huruma ya kiofisi, "dakika mbili."

Akashika kalamu. Akainama juu ya boneti. Hakuna aliyepumua, hata dereva aliyekuwa hajui kinachoendelea.

Na mimi hapo ndipo ninaponyamaza. Msiniambie wagawane, mstari ni mmoja, mmemsikia mwenye fomu. Msiniambie asubiri kesho. Kesho ni mali ya Ofisi. Wa kwanza alilitoa chumbani, akakata kijiti. Wa pili alilifungulia njia, kwa uongo, na kwa shimo ambalo barua zake zilisaidia kuliweka tupu. Wa tatu alilifikisha chini, akalikwaruza, na akaacha mgongo wake huko kati ya ghorofa ya tatu na ya pili. Ukimwondoa yeyote mmoja, kabati halipo.

Haya, wenzangu, kalamu ni hii na dakika zimebaki mbili. Mkono ungekuwa wako, ungeandika jina la nani, na hao wawili ungewatazama usoni ukiwaambia nini?